Maji ya kisima karibu na dampo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeweka majibu haya sehemu moja kwasababu maswali yanayonifikia ni yaleyale, na kila nikijibu mtu mmoja wengine kumi wanabaki hawajui. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuchukua sampuli za maji ya visima, na kinachoniumiza zaidi ni kukuta familia inachemsha maji kwa bidii kila siku, inamaliza kuni na gesi, wakati tatizo la kisima chao ni la aina ambayo moto hauliondoi. Kwahiyo soma taratibu, na kama una mtoto mchanga nyumbani anza na swali la nitrati, kemikali inayowadhuru watoto wachanga, kabla ya mengine yote.

Taka ziko juu, maji yako chini kabisa, yanakutanaje?

Mvua ndo inawakutanisha. Ikinyesha juu ya dampo sehemu ya maji inatiririka pembeni na sehemu inazama ndani ya taka, inapita kwenye mabaki ya vyakula yaliyooza, betri, makopo ya rangi, dawa zilizoisha muda, nepi, plastiki, vifaa vya umeme vilivyokufa, na inachukua kila kinachoyeyuka njiani. Kinachotokea chini ni maji meusi au ya kahawia yenye harufu kali sana, hapa nitayaita tu maji ya dampo. Na hata mahali pa ukame yapo, kwasababu taka zenyewe zinakuja na unyevu wake.

Kama chini ya dampo hakuna kizuizi, yanaendelea kushuka. Kwenye udongo wa mfinyanzi yanakwenda polepole mno, kwenye mchanga na changarawe yanapita haraka, na kwenye mwamba wenye nyufa au mwamba wa chokaa uliotoboka yanaweza kwenda mbali kwa muda mfupi bila kuchujwa na kitu chochote. Yakishafika kwenye maji ya ardhini hayasimami hapo, maana maji ya ardhini yenyewe yanatembea, mara nyingi kwa sentimita chache kwa siku, pengine mita moja au zaidi, kuelekea mtoni, bondeni au kwenye kisima kinachovutwa sana. Uchafu unafuata mkondo huo na kujichora kama ulimi mrefu unaotoka chini ya dampo, na visima vilivyo kwenye njia ya huo ulimi ndo vinavyopata shida.

Kuna kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui. Taka zikioza zinamaliza oksijeni yote iliyokuwa kwenye maji, na maji yasiyo na oksijeni yana tabia ya kuyeyusha chuma na manganizi iliyokuwa imetulia kwenye udongo wa kawaida kabisa, na aseniki, sumu ya asili ya ardhini, iliyokuwa imejishikiza kwenye ile kutu ya chuma inaachiwa nayo. Yaani unaweza kukuta aseniki kisimani ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitupa dampo, ilikuwa ardhini tangu zamani haina madhara, ila dampo ndo limeifungulia mlango.

Ndani ya maji ya dampo kuna nini hasa?

Inategemea kilichotupwa, lakini kwa ujumla kuna makundi manne. Kuna uozo wenyewe, yaani tindikali na mabaki ya vitu vilivyooza. Kuna chumvichumvi na amonia, na amonia kwenye maji ya dampo mara nyingi inafika mamia ya miligramu kwa lita. Kuna metali kama risasi, kadimiamu, nikeli, kromiamu na zebaki. Alafu kuna kemikali za viwandani na za nyumbani ambazo zinakuwa kidogo kwa kipimo ila ni kali: benzini kutoka kwenye mafuta na rangi, trikloroethilini ya kusafishia vyuma vyenye grisi, dawa za wadudu, na zile kemikali za PFAS zinazowekwa kwenye vitu visivyoshika maji wala mafuta na ambazo haziozi, ndomana zinaitwa kemikali za milele.

Watu huwa wanaogopa risasi kuliko vyote na naelewa kwanini, ila kwenye dampo la taka za kawaida lililozeeka metali nyingi hunaswa na udongo au hugandia ndani ya taka zenyewe, hazisafiri mbali. Zinasafiri zaidi wakati dampo ni changa na maji yake bado ni makali kwa tindikali, au pale betri na taka za viwanda zilipotupwa kwa wingi. Vinavyotangulia kufika kisimani ni chumvi ya kloridi, amonia na baadhi ya hizo kemikali nyepesi.

Na vijidudu je? Vipo, nepi na taka za hospitali zinaleta, ila vingi hufa au huchujwa vikipita ardhini kwa muda wa kutosha. Kisima kifupi kisicho na ukingo mzuri hakina bahati hiyo, kinapata vijidudu kutoka juu pia.

Maji yangu ni meupe, hayanuki, yana ladha nzuri. Si ni salama?

Hapana, huwezi kusema hivyo kwa macho na ulimi. Nitrati haina rangi, haina harufu, haina ladha. Aseniki vilevile. Risasi vilevile. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha aseniki na cha risasi kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na mikrogramu 10 ni kiasi ambacho hakuna binadamu anayeweza kukionja.

Dalili zikiwepo zichukulie kwa uzito: maji yanayotoka meupe alafu yakikaa kwenye ndoo yanageuka ya kahawia (hiyo ni chuma), madoa meusi kwenye vyombo na nguo (manganizi), harufu ya yai bovu, povu lisiloeleweka, ladha ya chumvi ambayo mwaka jana haikuwepo, harufu ya mafuta au ya rangi. Lakini kukosekana kwa dalili hakumaanishi chochote. Nimechukua sampuli kwenye visima vyenye maji ya kupendeza kuliko yote mtaani na majibu yakarudi mabaya.

Nikichemsha si basi?

Hili ndo swali ninalotaka kila mtu alielewe. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo ni njia nzuri sana, maji yakitokota dakika moja yanatosha, ukiwa milimani juu ya mita 2000 fanya dakika tatu. Ila nitrati, aseniki, risasi, chumvi na PFAS haviondoki kwa moto. Kinachoondoka ni maji yenyewe kama mvuke, vilivyobaki vinabaki kwenye maji machache zaidi, kwahiyo vinakuwa vikali kuliko mwanzo.

Chukua mfano. Una lita 2 za maji yenye nitrati miligramu 45 kwa lita, bado yako chini ya kikomo cha 50 cha Shirika la Afya Duniani. Ukiyaacha yatokote mpaka yabaki lita 1 na nusu, nitrati imefika 60, umevuka kikomo ukiwa unadhani unamlinda mtoto. Mama anachemsha muda mrefu kwasababu anampenda mwanae, na hilo ndo linafanya maji yawe mabaya zaidi.

Kwa benzini na wenzake hali ni tofauti kidogo, hizo zinaruka na mvuke, ila zinaruka kwenda kwenye hewa ya jiko unamopumua, na ukifunga mlango na dirisha unazivuta zote.

Dawa ya klorini nayo ni hivyohivyo, inaua vijidudu, kemikali haiziondoi. Na maji yakiwa na amonia nyingi klorini inaishia kupambana na amonia badala ya vijidudu, unaweka dozi ya kawaida na bado maji hayajatibika vizuri.

Nina mtoto mchanga, kwanini mnasisitiza nitrati?

Amonia ya dampo ikikutana na oksijeni pembezoni mwa ule ulimi wa uchafu inageuzwa na bakteria kuwa nitrati, na nitrati inatembea na maji bila kushikwa na udongo. Mtu mzima anaimudu kiasi fulani. Mtoto wa chini ya miezi sita, hasa wa miezi mitatu ya kwanza, tumbo lake bado halina tindikali ya kutosha na damu yake ni tofauti kidogo na yetu, kwahiyo nitrati inageuka kuwa nitraiti, inaingia kwenye damu na kuiharibu himoglobini isiweze kubeba oksijeni. Mtoto anapumua lakini oksijeni haifiki mwilini.

Dalili yake ni kubadilika rangi kuwa ya bluu au kijivu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi usiangalie ngozi ya mwili, angalia midomo, fizi, ulimi, na chini ya kucha. Anaweza kuwa mlegevu, anapumua harakaharaka, anakataa kunyonya. Ukiona hivyo kimbia hospitali palepale na useme wazi kwamba anatengenezewa maziwa kwa maji ya kisima kilicho karibu na dampo, maana daktari akijua mapema kuna dawa ya kuigeuza hali hiyo haraka.

Anayenyonya maziwa ya mama peke yake yuko salama zaidi kwa upande wa nitrati, kwasababu haipiti kwa wingi kwenye maziwa. Hatari kubwa iko kwa anayekorogewa maziwa ya unga. Na manganizi nayo inawahusu hawahawa wa chupa, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha muda cha mikrogramu 80 kwa lita likiwafikiria wao hasa, kwasababu ya ubongo unaokua.

Risasi ni kwa watoto wote. Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa hakina madhara, inapunguza uwezo wa kujifunza, umakini na ukuaji, na uharibifu wa ubongo haurudi nyuma hata risasi ikishaondoka.

Kwa mtu mzima, ni magonjwa gani?

Kuna ya siku chache na kuna ya miaka. Ya siku chache ni kuhara, kutapika, homa ya matumbo na mengine ya vijidudu, hayo watu wanayajua na kwa kisima kibovu ndo yanaua haraka zaidi, kwahiyo mtu asiache kutibu maji kwa vijidudu eti kwasababu tunaongelea kemikali.

Ya miaka yanakuja kimya. Aseniki ikinywewa muda mrefu inaleta mabaka na ugumu wa ngozi kwenye viganja na nyayo, saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu, na matatizo ya moyo. Kadimiamu inakwenda kwenye figo na inakaa huko miaka na miaka, inadhoofisha mifupa pia. Benzini inashambulia uboho ambako damu inatengenezwa, inahusishwa na saratani ya damu. Trikloroethilini inasababisha saratani ya figo. Na hii trikloroethilini ikikaa kwenye maji yasiyo na oksijeni inavunjikavunjika na kuwa vinili kloridi, ambayo ni mbaya zaidi kuliko mama yake, inajulikana kwa saratani ya ini, kikomo chake ni mikrogramu 0.3 tu kwa lita. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeweka aseniki, benzini, trikloroethilini na vinili kloridi zote kwenye kundi la kwanza, maana yake ushahidi kwamba zinasababisha saratani kwa binadamu umekamilika, na mwaka 2023 likaongeza PFOA, moja ya zile PFAS.

Wajawazito wawe waangalifu zaidi kwasababu risasi inavuka kwenda kwa mtoto, na pia risasi iliyojihifadhi kwenye mifupa ya mama inaweza kutoka wakati wa ujauzito.

Mzee jirani anakunywa maji hayo miaka 20 na ni mzima. Mbona mnatutisha?

Simtishi mtu, na kweli wengi wanaokunywa hayo maji hawatapata saratani. Hatari inategemea kuna kemikali gani, kiasi gani, umekunywa muda gani, na wewe ni nani, mtoto, mjamzito, mwenye figo dhaifu. Wengine wanapita salama, wengine hapana, na anayeugua hana namna ya kujua kwamba chanzo ni kisima kwasababu saratani haiji na maandishi. Mzee mmoja mzima hatuambii chochote kuhusu wale walioumwa na kuhama au kufa bila kujulikana walikuwa na nini.

Mji wa Woburn, Massachusetts, Marekani, wakazi walilalamika miaka mingi kuhusu ladha na harufu ya maji kutoka visima viwili vya mji. Visima vikaja kufungwa mwaka 1979 baada ya kukutwa na trikloroethilini, na baadae ikaonekana watoto wa pale waliopata saratani ya damu walikuwa wengi kupita kawaida. Waliogundua mwanzo hawakuwa wataalamu, walikuwa wazazi waliokutana hospitali na kuanza kuulizana mnaishi wapi. Kwahiyo ukiona ugonjwa mmoja unajirudia kwenye nyumba zinazochota sehemu moja, andika, na peleka hayo maandishi kwa watu wa afya.

Kisima kiwe umbali gani kutoka dampo?

Kila mtu anataka namba moja na ningependa kuitoa, lakini haipo. Kwenye madampo mengi ya taka za kawaida yaliyochunguzwa ule ulimi wa uchafu haukuvuka mita 1000, na mara nyingi unafifia kabla ya hapo kwasababu bakteria wa ardhini wanaula, udongo unaukamata na maji mengine yanauzimua. Ila mwamba ukiwa na nyufa, au kukiwa na kemikali za viwandani au PFAS, hesabu hiyo inavunjika.

Upande ni muhimu kuliko umbali. Kisima kilicho mita 100 upande maji yanakotokea kinaweza kuwa salama, na kilicho mita 600 upande yanakoelekea kikawa kimeharibika. Kwa kawaida maji ya ardhini yanafuata mteremko wa ardhi kuelekea mto au bonde, kwahiyo kama dampo liko juu yako kimwinuko na mto uko chini yako, uko njiani. Si sheria ya kila mahali, na pampu kubwa ikivuta mfululizo inaweza kugeuza mkondo na kuvuta uchafu kuja kwake hata kama mwanzo ulikuwa unaelekea kwingine.

Kisima kirefu si ni salama kuliko kifupi?

Mara nyingi ndio, hasa kama juu yake kuna tabaka nene la mfinyanzi. Lakini zipo kemikali nzito kuliko maji, trikloroethilini ikiwemo, zinashuka mpaka zikutane na mwamba wa kuzizuia, na benzini yenyewe ni nyepesi inabaki juujuu. Alafu kisima kirefu kilichochimbwa bila kuziba vizuri nafasi kati ya bomba na udongo kinakuwa njia ya mkato, uchafu wa juu unashukia pembeni ya bomba moja kwa moja mpaka chini.

Dampo lilifungwa zamani, sasa ni uwanja wa majani. Bado kuna shida?

Inaweza kuwepo. Taka zinaendelea kuoza na kutoa maji kwa miongo mingi, na amonia ndo inayochelewa kuisha. Kanuni za Marekani zinamtaka mwenye dampo aliangalie miaka 30 baada ya kulifunga.

Mfano unaojulikana zaidi ni Love Canal, kwenye mji wa Niagara Falls, jimbo la New York. Kuanzia 1942 hadi 1953 kampuni ya Hooker Chemical ilifukia pale karibu tani 20,000 za taka za kemikali kwenye mfereji wa zamani, ikafunika na udongo, ikaliuza eneo kwa bodi ya shule kwa dola moja. Shule ikajengwa, nyumba zikajengwa. Miaka ya 70 mvua na theluji nyingi zikapandisha maji ya ardhini na kemikali zikaanza kuingia kwenye vyumba vya chini ya nyumba na kuibuka uani ambako watoto wanacheza. Mama mmoja, Lois Gibbs, alianza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anaumwa nini, na Agosti 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura, familia zikahamishwa. Sheria ya Marekani ya kusafisha maeneo ya sumu ya mwaka 1980 ilitokana kwa sehemu kubwa na kisa hicho. Pale zilikuwa taka za kiwanda, dampo la kawaida sio kali hivyo, ila majani ya kijani juu hayakuonyesha kitu chochote kuhusu kilichokuwa chini.

Kwahiyo kabla ya kununua kiwanja au kuchimba kisima ulizia wazee wa eneo hapo palikuwa na nini zamani, maana mashimo ya mchanga na machimbo ya mawe yaliyoachwa mara nyingi ndo yaligeuzwa majaa.

Dampo letu ni la kisasa, wameweka plastiki chini. Tulale usingizi?

Ni bora mno kuliko jaa la wazi, nisiseme uongo. Kanuni za Marekani za 1991 zinataka plastiki ngumu ya unene wa milimita 1.5 ilale juu ya sentimita 60 za mfinyanzi ulioshindiliwa, mabomba ya kukusanya maji ya dampo ili kina cha maji hayo juu ya plastiki kisizidi sentimita 30, na visima vya uangalizi kuzunguka. Ulaya wana agizo lao la 1999 lenye mambo yanayofanana. Lakini plastiki inatobolewa na mawe, inaachia kwenye maungio, na kemikali zingine nyepesi zinapenya hata plastiki nzima. Kinachonifanya niamini au nisiamini dampo ni vile visima vya uangalizi: vipo? Vinapimwa mara ngapi? Majibu yako wapi? Omba kuyaona. Anayeendesha dampo vizuri atakuwa nayo.

Nipime nini, na sampuli naichukuaje?

Usiende maabara ukasema tu "nipimieni maji" kwasababu watakupimia vijidudu na ladha basi. Sema kisima kiko karibu na dampo na uombe kwanza vile vya bei nafuu vinavyoonyesha kama maji ya dampo yamefika: uwezo wa maji kupitisha umeme, kloridi, amonia, nitrati, chuma, manganizi, pH (kipimo cha tindikali), na vijidudu vya kinyesi. Kama hivi viko sawa na vinafanana na kisima kingine kilicho upande wa pili wa dampo, hiyo ni habari nzuri. Vikiwa juu, ndo unaongeza aseniki, risasi, kadimiamu, kromiamu, benzini na jamaa zake. PFAS ni ghali na si kila maabara inaweza.

Sampuli usichukulie kwenye chupa ya soda. Chukua chupa za maabara, kila kipimo kina chupa yake, na kama ndani kuna matone ya tindikali au unga usisuuze, vimewekwa makusudi. Pampu maji dakika kadhaa kwanza ili yale yaliyolala kwenye bomba yaishe. Ya benzini na kemikali nyepesi jaza mpaka juu kabisa isibaki hata bubujiko moja la hewa, maana zinakimbilia kwenye hewa. Weka kwenye baridi na fikisha siku hiyohiyo. Rudia baada ya msimu wa mvua kubwa, kipimo kimoja cha kiangazi hakitoshi, na hifadhi makaratasi yote kwasababu kinachosema ukweli ni namba inavyopanda mwaka hadi mwaka.

Majibu yamerudi, namba hizi zinasomwaje?

Angalia kipimo kwanza, miligramu na mikrogramu zimetofautiana mara 1000. Vikomo vya Shirika la Afya Duniani: nitrati miligramu 50 kwa lita, aseniki, risasi na benzini mikrogramu 10 kila moja, kadimiamu 3, zebaki 6, trikloroethilini 8. Kwa PFOA na PFOS, zote za kundi la PFAS, Marekani mwaka 2024 iliweka nanogramu 4 kwa lita kila moja, na nanogramu ni sehemu moja ya elfu ya mikrogramu, ni kiasi kidogo ajabu.

Mtego uko kwenye nitrati. Maabara zingine zinaandika nitrati nzima, zingine zinaandika nitrojeni iliyomo ndani yake, na kwa kipimo hicho cha pili kikomo ni kama 11 na sio 50. Nimeona mtu amefurahi kwa 20 akidhani yuko mbali na hatari kumbe amekaribia mara mbili ya kikomo. Uliza wameandika ipi.

Chujio gani linafaa?

Inategemea kilichopatikana, ndomana nasema pima kwanza nunua baadae. Chujio la udongo linazuia vijidudu na tope, kemikali zinapita. La mkaa maalumu linakamata benzini, trikloroethilini na sehemu nzuri ya PFAS, ila nitrati halishiki, na likishiba bila kubadilishwa linaanza kuachia uchafu liliokamata. Mashine za RO, zile zinazosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba, zinaondoa nitrati, aseniki, risasi na PFAS kwa kiasi kikubwa, lakini zinamwaga maji mengi na zinataka matunzo. Chochote utakachoweka, pima tena maji yanayotoka.

Kama kuna bomba la maji ya mamlaka au kisima kingine mbali na dampo, hicho kwa kunywa na kupikia ni bora kuliko chujio lolote.

Kuoga, kufua, kumwagilia na mifugo?

Nitrati na metali hazipenyi ngozi kwa kiasi cha kutia hofu, kuoga na kufua ni sawa, angalia tu watoto wasimeze. Benzini na zinazoruka ni habari nyingine, maji ya moto bafuni yanazitoa na unazivuta, kwahiyo zikipatikana oga maji ya baridi, fungua dirisha, usikae muda mrefu. Mboga za majani na mizizi zinaweza kuvuta kadimiamu na aseniki. Mifugo wanaathirika na nitrati, ng'ombe hasa.

Naweza kupimwa mwili?

Risasi ndio, kwa damu, na watoto wapimwe. Marekani daktari anaanza kufuatilia mtoto akifika mikrogramu 3.5 kwa desilita. Aseniki inapimwa kwa mkojo ila inaonyesha ya siku chache zilizopita tu. Benzini inatoka mwilini haraka, kipimo kinaweza kuikosa. Hizo dawa za kusafisha sumu mwilini zinazouzwa usinunue, hazitoi risasi wala PFAS, na dawa halisi ya kutoa risasi inatolewa na daktari kwa waliofika kiwango cha juu.

Majibu ni mabaya. Kesho asubuhi naanzia wapi?

Anza na mtoto wa chupa, asitumie hayo maji hata mara moja zaidi. Alafu maji ya kunywa na kupikia ya nyumba nzima yatoke kwingine, hata kama ni ya kubeba. Usifukie kisima, kinahitajika kupimwa tena na kutumika kama ushahidi, kifunge tu na uandike juu kwa herufi kubwa kwamba hayanyweki. Waambie majirani wanaochota upande huohuo, wengine watakasirika, waambie hivyohivyo. Peleka nakala ya majibu kwa ofisi ya afya, ya maji na ya mazingira, kwa maandishi, na chukua muhuri kwamba wamepokea. Na kama kuna mtoto mdogo au mjamzito ndani, siku hiyohiyo nenda nae kituo cha afya ukiwa na karatasi ya maabara mkononi.